Nilizungumza kwa Sauti ya Marehemu

Nina miaka ishirini na sita. Nina shahada ya chuo kikuu, na nina kichwa kisichotulia... Hata kuvuka barabara hapa Langley Park, Marekani, hufikiri mara tatu. Lakini fikra zangu zote hazikunisaidia siku niliyozihitaji!

Nilipomaliza masomo sikupata kazi. Idrisa, mtu wa Tanga niliyeishi naye chumba kimoja, akanipeleka mji wa jirani, Oxon Hill. Huko, katika chumba cha chini cha nyumba ya mfanyabiashara mmoja, kuta zimetundikwa mablanketi, tuliingiza sauti za Kiswahili katika filamu za kauboi za Kitaliano. Kanda zilikwenda kuuzwa nyumbani. Idrisa alikuwa sauti ya steringi, yule shujaa wa filamu. Mimi niliandika maneno yalingane na midomo ya Wataliano, na nilipiga mayowe ya wanaokufa.

Kisha Idrisa akaanza kukohoa. Hakuweza kumaliza sentensi. Mwenye kazi akaniambia nijaribu mimi. Nikajaribu... Wenzangu wakapiga makofi.

“Ukifumba macho, huyu ni Idrisa mtupu!”

Idrisa naye akacheka. “Bwana mdogo, koo umeshaliiba. Chukua na kikohozi basi!”

Wiki mbili baadaye nimonia ilimmaliza.

Baada ya maziko nikapewa mimi kazi ya kupeleka habari kwao. Kwetu jambo hili lina utaratibu: unamtafuta mwanamume mtu mzima wa familia, naye ndiye anayemwambia mjane. Nilijua! Lakini nilikuwa na namba moja tu, ya duka ambako mkewe, Zuhura, alisubiri simu yake kila Jumamosi. Nikapanga kumwomba mwenye duka amwite mjomba wa Idrisa.

Simu ikapokelewa na Zuhura mwenyewe.

“Idrisa? Mbona wiki iliyopita hukupiga? Roho ilikuwa juu juu!”

Nikafikiri: ataanguka pale dukani. Nikafikiri: je, yuko peke yake? Nikafikiri mengi... Kinywa kikafunguka, ikatoka sauti ya Idrisa.

“Nilikuwa na mafua, mke wangu.”

Mungu wangu! Nani alinituma?

Nilikusudia kusema kweli Jumamosi iliyofuata. Ilipofika, akaniambia mdogo wake anaolewa. Ningeiharibuje arusi? Jumamosi nyingine alikuwa anacheka sana, nikashindwa. Watu wa hapa walipouliza kama nimefikisha habari, nilijibu nimefikisha. Miezi mitano! Nikawa naogopa hata kusema bismillahi mezani, maana nilisikia sauti yake ikitangulia yangu...

Ndipo Bi Saada, jirani yetu, akasafiri kwenda Tanga. Akapita kwa Zuhura kumpa pole ya kufiwa na mume. Alimkuta na hina mpaka viwikoni, ndiyo kwanza anatoka ngomani.

“Pole ya mume?” Zuhura akamcheka. “Mume wangu nimezungumza naye juzi!”

Bi Saada, aliyepika kwenye matanga ya Idrisa kwa mikono yake, akaketi chini akalia. Zuhura akaacha kucheka.

Mimi sikujua. Jumamosi nikapiga simu kama kawaida.

“Shemeji,” akasema. “Leo sema kwa sauti yako.”

Nikafungua kinywa. Ikatangulia tena sauti ya Idrisa; nikakifunga upesi...

“Nimemuuliza shehe. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa. Miezi minne na siku kumi zimepita, na mimi nilikuwa napaka hina. Haikubaki hata siku moja ya kumkalia mume wangu. Nirudishie eda yangu, shemeji. Unaweza?”

Akakata simu.

Wasomaji wenzangu, kazi ile nimeiacha. Wapo wanaonitetea kwamba nilimhurumia. Si kweli! Nilikiogopa kilio chake, basi. Nawasihi: ukikabidhiwa habari ya msiba, ifikishe siku hiyo hiyo, hata kama ulimi unatetemeka. Kilio ni haki ya mfiwa. Mimi nilimdhulumu mjane kilio chake, na hakuna siku nitakayoweza kumlipa.