Vumbi Chini ya Tope

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumanne tarehe 18 Novemba, Kibondo mjini. Injini ilikuwa ya moto. Nickson aligeuza ufunguo, ukasikika mlio mmoja, "tak", kisha kimya. Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu akabidhiwe pikapu ya dizeli ya Bi Mwanaamina, mjane mwenye duka la jumla Kasulu. Alikuwa ameiendesha siku tisa.

Kando yake alikaa Nurudini, mkaguzi wa magari wa polisi aliyestaafu, aliyeombwa na mjane huyo achunguze. Alishuka na kupima betri: volti kumi na mbili na nusu. Akamwambia Nickson ageuze tena, akapima kwenye stata yenyewe. Umeme ulifika wote, stata haikuzunguka. Akalowesha tambara, akaifunika stata, akatazama saa. Baada ya dakika thelathini na tano gari liliwaka kama halijawahi kuugua.

"Betri haina kosa," alisema. "Stata ikipata moto inagoma. Ikipoa inatii."

"Basi mwambie Bi Mkubwa, Afande. Jumapili ameniita mwizi wa vipuri mbele ya wateja."

Nurudini aliinama na tochi. Marehemu Omary, mume wa Bi Mwanaamina, alikuwa na desturi: kila kifaa alichokifunga kwenye gari alikichora kwa ncha ya msumari, herufi O na mwaka. Stata ya gari hili ilikuwa na "O 94". Nurudini aliwahi kuiona alama hiyo enzi za ukaguzi, Omary akiionyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha meno ya mtoto. Stata iliyokuwepo sasa haikuwa na alama yoyote. Ya zamani ilikuwa imeondolewa, ikafungwa nyingine kuukuu.

Vichwa vya bolti vilikuwa na mikwaruzo ya spana, imefunikwa na tope. Nurudini alilikwangua kwa ukucha. Chini ya tope kulikuwa na vumbi jekundu, kavu, limeganda kwenye oili. Aliandika hayo kwenye daftari.

"Ulianza kazi lini?"

"Tarehe kumi. Mvua zilikuwa na wiki mbili tayari. Afande, Ijumaa baada ya swala anasema ananipeleka kituoni. Mke wangu amejifungua juzi. Nani ataniajiri tena Kasulu hii?"

Nurudini alirudi kwenye kiti chake. Njiani, gari likiserereka juu ya lami, alikumbuka safari za barabara ya udongo, Omary akiimba kaswida, na watu wa Heru Juu wakijua ni saa ngapi kwa mlio wa injini hii. Alifunga daftari.

Jumatano saa tatu asubuhi alifika kwa Pasikali, fundi wa gari hilo. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la vyuma, stata mbovu zikiwa nyingi.

"Afande umestaafu, maswali yako bado yako kazini," Pasikali alicheka.

"Mara ya mwisho ulilishika lini?"

"Agosti. Breki tu."

"Agosti kulikuwa na vumbi. Na stata mbovu unazo."

Kicheko kilikatika. "Ningeibadilisha mimi, Mzee Venanti si angenirudia kesho yake? Alikuwa analiendesha kila siku mpaka alipostaafu. Hakulalamika hata mara moja."

"Venanti huegesha mteremkoni."

Kila mtu Kasulu alilijua hilo. Miaka ambayo betri zilikuwa adimu, Venanti na Omary walizoea kuegesha gari mlimani, jiwe chini ya gurudumu. Wakiondoa jiwe, gari linateremka, gia inaingizwa, injini inashika bila stata. Betri zilipopatikana, Venanti hakuacha. Asubuhi tu, injini ikiwa baridi, ndipo aligeuza ufunguo. Dereva wa namna hiyo angeweza kukaa na stata mbovu miezi mingi asijue.

Swali lilibaki moja: je, hakujua?

Kuna mahali pamoja ambapo dereva hulazimika kuzima injini ya moto mahali tambarare. Saa tano Nurudini alikuwa kituo cha mafuta, akimuuliza Swaumu, mhudumu wa pampu.

"Babu Venanti? Miaka yote aliingia hapa, anazima, anatutania weee! Septemba akaanza kuegesha kule juu mteremkoni, anashuka na madumu. Nikamwambia, babu, siku hizi pampu zetu zinanuka? Akasema ananyoosha miguu."

"Una uhakika ni Septemba?"

"Mvua hazijaanza. Vumbi lilimfika magotini."

Alhamisi saa mbili asubuhi, uani kwa Bi Mwanaamina, Venanti aliteremka kwenye bodaboda akitokea Heru Juu.

"Mwakeye," aliwasalimu. Alipomwona Nickson amesimama ukutani, aliangalia chini.

Nurudini alisoma daftari bila kupandisha sauti: vumbi chini ya tope, mteremko, madumu. "Stata ilibadilishwa kabla ya mvua, Nickson hajafika. Pasikali angeweza. Lakini Pasikali hakuwa na sababu ya kuikwepa pampu. Aliyeikwepa alijua kwamba akizima pale, gari halitawaka."

Venanti alifungua mfuko wa sandarusi. Ndani, imefungwa kwa kitambaa chenye oili, ilikuwamo stata.

"Sikuiuza."

"Kwa nini basi?" Bi Mwanaamina aliuliza.

"Septemba uliniambia nikapumzike mvua zikianza. Ulisema kwa wema, Bi Mkubwa. Miaka thelathini na mmoja! Nikaokota mbovu kwa Pasikali. Nikasema, gari likimgomea mgeni, mtaniita. Nitaifunga hii ya Omary, litawaka, mtaona bado nafaa."

"Na Nickson angelala mahabusu," alisema Nurudini.

"Sikujua jambo litafika kwenye wizi."

"Ulilisikia Jumapili, kama Kasulu nzima. Leo Alhamisi."

Venanti aliisogeza stata kwa Bi Mwanaamina.

Bi Mwanaamina aliipangusa alama kwa pindo la kanga. "O yake haifungi juu," alisema polepole. "Hata kwenye cheti cha ndoa aliiandika hivi." Kisha akageuka. "Nickson, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe. Watu haohao nitawaambia leo. Wewe Venanti, utaifunga kwa mkono wako, halafu utakwenda naye Kibondo. Upande wa abiria."

Saa nane na dakika ishirini mchana, Kibondo, Nickson aliegesha mahali tambarare, akazima. Venanti alikuwa ameshashuka, jiwe mkononi, ameinama kwenye gurudumu la nyuma. Nickson aligeuza ufunguo. Injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza.

Venanti aliliweka jiwe kando ya barabara, akapanda.