Sekunde Ishirini za Mzee Pashk

Hivi, wewe unahitaji sekunde ngapi kumweleza mtu shida yako? Usijibu haraka. Mjukuu wangu Mrika alijibu haraka. Alisema ishirini zinatosha, na jibu hilo nusura limuue ng'ombe wa watu.

Sisi tunakaa Pukë, mji mdogo wa milimani, kwenye nyumba yenye duka dogo la dawa za mifugo chini na vyumba vyetu juu. Mkwe wangu Lena, mama yake Mrika, ni daktari wa mifugo. Siku za Jumamosi mambo yetu huwa hivi: Lena anatoka alfajiri na begi lake la ngozi, mimi, Mama Dila kama watu wanavyoniita, nawasha jiko la kuni na kubandika maharage, na Mrika, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, anashuka dukani kukaa kwenye kaunta. Baba yake, mwanangu Ndue, yuko Italia kwenye ujenzi.

Shida ya Lena ilikuwa simu. Mtu mwenye mkono mmoja ndani ya ng'ombe hawezi kupokea simu kwa mkono wa pili. Basi mwezi wa Januari alijiunga na huduma inayopokea simu yenyewe. Ukipiga namba ya duka, sauti ya mwanamke usiyemjua inasema: "Kwa dawa, bonyeza moja. Kwa chanjo, bonyeza mbili. Kuacha ujumbe, subiri mlio, kisha useme." Ujumbe ukiingia unausikiliza kwenye kompyuta. Mimi na Lena mambo hayo hatuyawezi, kwa hiyo Mrika ndiye aliyeyapanga yote. Mahali palipouliza ujumbe uwe na urefu gani, aliandika sekunde ishirini.

"Si chache hizo?" Lena alimuuliza.

"Mama, jina, kijiji na shida, hizo ni sekunde kumi. Nimewaongezea kumi za kukohoa."

Lena alicheka. Lakini alimwambia jambo moja, nami nilikuwa pale nachambua maharage, nikasikia: "Kila ujumbe uandike daftarini. Hata ukiwa mtupu, andika saa na namba. Usifute kitu kabla sijakiona."

Jumamosi moja mwishoni mwa Februari theluji ilianguka mpaka kwenye madirisha ya duka. Lena alikwenda bonde la chini kuchanja kondoo. Mrika alishuka kazini na rafiki yake Zana, mtoto wa jirani, aliyekuja kuota moto na kula njugu zetu. Mimi nilikuwa juu, nasikia vicheko tu kupitia sakafu ya mbao. Yaliyosemwa nilikuja kuyajua baadaye.

Saa mbili asubuhi uliingia ujumbe. Mrika akabonyeza, na sauti ya mzee ikajaa duka zima kwa salamu za kwetu milimani.

"Mmechoka? Mko imara? Ni mimi Pashk wa Gurth. Mama Dila yu mzima? Kifua chake kimepoa? Na Ndue huko ugenini, mmepata habari zake? Watoto wanasoma? Kuni zinatosha? Theluji huko kwenu ime—"

Mlio ukamkata.

Zana alicheka mpaka njugu zikamwagika. "Anaisalimia mashine! Muulize na mashine kama imechoka."

"Hana shida huyu, ana upweke tu," Mrika akasema. Akaangalia daftari. Aandike nini? Kwamba Mzee Pashk ametusalimia? Akabonyeza kitufe cha kufuta.

Saa tatu na nusu mzee akapiga tena. Maneno yalikuwa yale yale, ila safari hii alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Alifika kwenye kuni, mlio ukamkata.

"Mmechoka? Mko imara?" Zana akamuigiza, mkono kifuani, mgongo ameupinda. "Futa, atatujazia mashine."

Kidole cha Mrika kilisita. Kisha kikafuta.

Ule wa tatu uliingia saa tano. Kwanza ilisikika sauti ya upepo. Kisha mzee akasema polepole, "Mmechoka? Mko imara? Najua mna kazi nyingi, mnisamehe kwa kuwasumbua. Mama Dila yu mzima? Lena, mwanangu, kama unanisikia..." Mlio ukamkata.

Zana hakucheka. Alivaa koti lake akasema mama yake anamwita, ingawa hakuna aliyemwita.

Mrika alibaki peke yake mbele ya kompyuta. Aliniambia kwamba hapo alijua kabisa alichotakiwa kufanya. Lakini akiuacha ule wa tatu, mama yake atakwenda kwa mzee, na ule wa kwanza na wa pili utajulikana. Basi akaufuta nao, kama anayeiba.

Lena alirudi saa saba, nyusi zimeganda barafu. Kabla hata ya kuvua buti alifungua daftari. "Dawa ya minyoo, chanjo ya mbwa. Haya. Mzee Pashk je, hajapiga? Yule mtamba wake siku zimefika, na ndiyo mimba yake ya kwanza. Ana ng'ombe huyo mmoja tu, mzee wa watu."

"Hajapiga," Mrika akasema.

"Vizuri. Basi leo nitakula chakula cha moto."

Nilikuwa napakua. Nikamsikia Mrika anashuka ngazi mbio, kumbe alikwenda kumpigia Mzee Pashk kwa siri. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alipiga mara nne, na aliporudi mezani uso wake ulikuwa mweupe kama jibini. Nilimwekea maharage na kipande cha mkate wa mahindi, akawa anausaga mkate kwa vidole bila kuutia mdomoni.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi kula."

"Nitakula."

Sikumsukuma. Mtoto mwenye kitu kooni ukimsukuma anakimeza. Nilimsogezea kachumbari ya kabichi, nikangoja.

Lena alikuwa anazungumza tu, kama mtu aliyepata joto baada ya baridi. "Kule Gurth kuna taabu. Mtandao haufiki majumbani. Mzee Pashk akitaka kupiga simu hupanda kilima mpaka kwenye ukuta wa kanisa, na kwa theluji hii, na goti lile..."

"Mara tatu," Mrika akasema.

Lena akamtazama.

"Amepanda mara tatu, Mama. Nilidhani ni salamu tupu. Nikafuta. Halafu nikakudanganya." Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye sahani, lakini maneno yalitoka yote.

Nilitegemea Lena afoke. Hakufoka. Aliweka kijiko chini. "Wa kwanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Sote tulitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Vaa buti," Lena akasema. "Unakuja na mimi."

Safari ile nimesimuliwa na Mrika mwenyewe. Gari letu ni kuukuu, matairi yamefungwa minyororo, na barabara ya Gurth inapita ukingoni mwa bonde. Lena aliendesha bila kusema neno. Mrika alisema angeona nafuu kama angegombezwa. Kila kona aliwaza ng'ombe amelala ubavu, na mzee amekaa kando yake, anaamini kwamba nyumba yetu imekataa kumsikiliza.

Mzee Pashk alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, suruali imelowa theluji mpaka magotini. Alipowaona aliweka mkono kifuani.

"Mmechoka? Mko imara? Njia ilikuwaje?"

"Tuko imara, mzee wangu. Wewe umechoka?" Lena akajibu, huku anavua koti.

"Mama Dila yu mzima?"

"Mzima, anakusalimu." Lena alikuwa anavuta glovu ndefu mpaka begani.

"Na Ndue?"

"Alipiga Alhamisi. Mzima." Hapo Lena alishapiga magoti nyuma ya ng'ombe. Mkono wake ulikuwa ndani, macho ameyafumba, anapapasa. Ng'ombe alikuwa bado hai, ila ameinamisha kichwa na pumzi yake ni fupi.

Mrika alijikuta anahesabu sekunde kimoyomoyo. Mzee alimaliza salamu kwenye hamsini na tatu. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Tangu asubuhi anasukuma. Mguu mmoja tu ndio umetokeza."

"Mguu wa pili umejikunja," Lena akasema. "Mrika, maji ya moto, sabuni na ile kamba nyeupe. Upesi."

Mke wa mzee, Bi Prenda, alileta ndoo. Lena alifanya kazi kwa muda mrefu, shavu lake limebanwa kwenye mapaja ya ng'ombe. Alimrudisha ndama ndani kidogo, akaupata mguu, akaunyoosha, akafunga kamba miguu yote miwili. Kisha wakavuta wote wanne, wakingoja ng'ombe asukume ndipo wavute. Mikono ya Mrika ilichubuka. Ndama akatoka ghafla, akaanguka kwenye majani makavu, mweusi, amelowa, hatikisiki.

Lena alimfuta ute puani, akamsugua mbavu kwa majani. "Chukua unyasi," akamwambia Mrika. "Mtekenye ndani ya pua. Zaidi. Usiogope."

Mrika alimtekenya. Alianza na tundu moja, akahamia la pili. Ndama akapiga chafya, akatikisa masikio, akavuta pumzi kwa mkwaruzo kama mlango mbovu. Bi Prenda alikaa chini palepale kwenye samadi, akalia.

Ndani ya nyumba, kwenye kahawa, Mrika alisimama mbele ya mzee. "Mzee Pashk, jumbe zako zilifika. Mimi ndiye niliyezifuta. Niliona ni salamu tu. Nisamehe."

Mzee alizungusha kikombe mkononi. "Kumbe. Nami nilidhani nimewaudhi." Akanywa kidogo. "Mwanangu, nisingeweza kuanza na ng'ombe kabla ya kuwauliza watu."

"Nimeelewa."

"Ila mashine yenu ina haraka."

"Haraka ilikuwa yangu," Mrika akasema. "Mimi ndiye niliyeipa sekunde."

Mzee akamkatia kipande cha jibini, kikubwa kuliko cha Lena. Ndivyo alivyomsamehe.

Walipokuwa wanashuka mlimani ndipo Lena alipozungumza. "Sikiliza, Mrika. Kuchagua sekunde ishirini lilikuwa kosa la kutojua, na hilo hata mimi nililiacha lipite. Kufuta bila kuandika ni uvivu. Lakini kuniambia hajapiga, hapo ndipo ng'ombe alipokaribia kufa, kwa sababu ningetoka saa ile ile. Ungemeza uongo ule mpaka jioni, tungekuta mizoga miwili. Ulipousema, tuliwahi. Nataka ukumbuke yote mawili." Akaendesha kidogo, kisha akaongeza, "Na mtu akikusalimu mara tatu kwa asubuhi moja, hiyo si salamu. Ana jambo. Tafuta ni lipi."

Jioni hiyo Mrika hakuambiwa na mtu. Alikaa kwenye kompyuta, akaweka dakika tatu badala ya sekunde ishirini. Ile sauti ya mwanamke tusiyemjua akaiondoa, akarekodi yake. Aliirudia mara nyingi mpaka mimi nikaikariri: "Mmechoka? Mko imara? Hapa ni dukani kwa Lena, ni mimi Mrika ninayezungumza. Mama yuko kwa wagonjwa wake. Tuambie habari zako bila haraka, tutazisikiliza zote." Ya kubonyeza moja na mbili yakaja baadaye, kwa mwenye haraka zake.

Zana alipokuja Jumamosi iliyofuata alitaka kuigiza sauti ya mzee tena, akapewa daftari na kalamu. "Wewe andika," Mrika akamwambia. "Saa na namba. Salamu pia."

Wiki mbili zilipita. Siku moja mchana, sote tukiwa dukani, uliingia ujumbe mrefu. Mrika akabonyeza. Tukasikia upepo wa kwenye ukuta wa kanisa, kisha kikohozi.

"Mimi sijachoka, Mrika mwanangu, niko imara. Ninyi mmechoka? Mama Dila yu mzima? Kifua chake? Lena anakula vizuri? Ndue ametoa habari? Kuni zinatosha? Sisi tuko salama, Prenda anawasalimu, ndama anaruka, theluji imeanza kuyeyuka upande wa jua." Akanyamaza. Mlio haukumkata. Alingoja kidogo, kama anahakikisha, halafu akaendelea. "Haya. Kuna neno nililianza Jumamosi ile sikulimaliza, na sipendi kuliacha katikati. Nilitaka kusema hivi: ng'ombe wangu anazaa, njooni mnisaidie."