Gunia Bichi Juu ya Mnara

Maiti ya Neville Shurmer ilikutwa asubuhi chini ya mnara wa kanisa la chuo, ndani ya uzio wa waashi. Mwiko wake ulikuwa umelaliwa na kifua, umejaa chokaa. Daktari wa polisi alisema amekufa tangu jana jioni.

"Ameteleza tu, afande," alisema bawabu wa chuo. "Mvua ya Oxford hii, mbao zinakuwa kama sabuni."

Inspekta Hester Pullin alipanda jukwaa la mbao hadi juu, kwenye vichwa vya mawe ambavyo waashi wa mji ule huchonga kwa sura za watu wanaowajua. Kichwa kipya alichochonga Neville kilikuwa kimepachikwa ukutani, chokaa imejazwa upande mmoja tu. Ile kazi ya nusu ilikuwa imefunikwa gunia bichi, limechomekwa pembeni vizuri, kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

Akashuka, akaenda kwa mama wa marehemu, Bi Doreen. Mwanawe mkubwa, Barry, mwashi wa mnara uleule, alikuwa anamimina chai.

"Huyu usinihangaishie, afande," Bi Doreen alilia. "Nimebaki naye mmoja. Yule mwenye mikono ya dhahabu ndiye aliyekwenda."

Chai ikamwagika kwenye kisahani. Wazazi wenzangu, Inspekta aliliona hilo. Mama mtu hakuliona.

"Barry, jana uliondoka saa ngapi?"

"Mapema. Nilimwacha juu anajisifia kichwa chake."

"Mligombana?"

"Na Neville? Nani agombane na mtakatifu?"

"Barry! Ndugu yako hajazikwa!"

Inspekta akageuza maneno. "Hebu nifundishe. Chokaa mbichi mnaifunika ya nini?"

"Upepo ukiipiga inakauka haraka, inakuwa unga, jiwe linalegea." Barry alichangamka kidogo. "Hata nyumba yako iungue, unafunika kwanza ndipo unakimbia. Tumezoea hivyo, mkono unafanya wenyewe."

"Neville alianguka na mwiko umejaa. Alikuwa bado anajaza."

"Ndiyo."

"Basi nani aliifunika?"

Barry alilitua birika la chai mezani.

"Mjibu, mwanangu," alisema Bi Doreen. "Mwambie hukuwepo."

"Nilikuwepo, Mama."

"Barry!"

"Nilimsukuma. Mara moja tu. Kisha nikafunika ile chokaa, wala sijui kwa nini."

"Kwa nini ulimsukuma?" aliuliza Inspekta.

Barry alimtazama mama yake, si yeye. "Aliniambia Jumapili Mama atapanda mnarani na majirani wote kukiona kichwa chake. Mimi nina changu juu ya mlango wa jiko la chuo, mwaka wa nane huu. Hata ngazi hakihitaji! Nimekuomba mara ngapi uje? Kila nikikuomba, goti linauma. Kwa mnara wa Neville goti limepona."

"Mimi nilidhani unatania, baba. Wewe mambo yako hukuwahi kuyashikilia."

"Nani angeyasikia?"

Inspekta alimfunga pingu. Bi Doreen akamshika mwanawe mkono wa koti, akamng'ang'ania hadi mlangoni.

"Nitakwenda leo. Naenda sasa hivi, kwa goti hilihili. Niambie tu nikijue, kina sura ya nani?"

"Yako, Mama."