Nyota Moja ya Bi Mkubwa

Duka la vitambaa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walibanana kati ya majora yaliyopangwa mpaka darini, kila mmoja akiinua kipande chake juu ya vichwa vya wenzake ili muuzaji akione kwanza. Kijana alikuwa ametumwa zipu na mama yake, na alishakasirika tangu akiwa ngazini. Alikuwa mtu wa kukasirika, kama wengine walivyo watu wa kupiga chafya.

Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la zambarau lililomkaa kana kwamba lilishonwa naye akiwa ndani. Shingoni alining'iniza futi ya kupimia. Mkono mmoja ulishika kitambaa, mwingine simu, na hiyo simu alikuwa akiigombeza.

"Funguka basi. Funguka, mjinga wewe." Akamgeukia muuzaji. "Huyu aliyetengeneza hiki kitu, siku nikimtia mkononi nitampima shingo, halafu futi nisiilegeze."

Kijana akachungulia begani kwake. Kwenye kioo aliona rangi aliyoichagua mwenyewe na vitufe alivyovichora mwenyewe. Ilikuwa programu yake, ya mafundi cherehani, ya kutunza vipimo vya wateja. Aliiandika miaka miwili, peke yake, chumbani, bila bosi wala mwenzake.

"Shingo hii hapa," alisema. "Kaza."

Msichana akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe nani?"

"Mjinga mwenyewe."

"Kama ni wewe kweli, niambie kwa nini nikifika kwenye kiuno inanirudisha mwanzo."

"Kwa sababu unabonyeza 'rudi'."

"Na kwa nini 'rudi' umeiweka pale kidole gumba kinapopita? Mkono wa pili nina futi, nimemzungushia mtu. Wewe umewahi kushona hata kifungo?"

Hakuwahi. Akazidi kukasirika, maana msichana alisema kweli, na alisema kweli akiwa mzuri, na mambo hayo mawili yakija pamoja mwanaume hana pa kushika.

"Nipe namba yako," alisema kijana. "Nikirekebisha nikujulishe."

"Nakupa, ili siku nyingine nikutukane vizuri."

Alirudi nyumbani bila zipu. Jioni ile ile kitufe kilihama, akamjulisha kwa ujumbe, na saa moja baadaye simu ikalia.

"Nimeona," ilisema sauti. "Angalau unasikia. Wanaume wengi masikio yao ni ya kuwekea miwani."

"Na mimi sina miwani."

"Basi una bahati, Bwana Kitufe."

Akawa Kitufe tangu siku hiyo, naye msichana akawa Sindano, kwa sababu ya ulimi. Walipigiana simu asubuhi, mchana, na wakati wa kupiga pasi. Walikutana kwenye mgahawa ulio ghorofani juu ya benki, msichana akija na nyuzi zimemganda mikononi, kijana akija na macho mekundu ya kukodolea kioo.

"Lini nitakuja kuiona hiyo karakana yenu?" aliuliza kijana siku moja.

"Karakana ni ya shangazi. Ndiye aliyenilea. Siku utakayoingia pale, mpenzi, uje na maneno ya maana. Shangazi hapokei watembezi."

"Maneno ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni vitufe. Kunywa chai."

Ndivyo ilivyokwenda kwa miezi saba, ikawa tamu.

Sasa, mtu anayetengeneza programu peke yake ni mtawala asiye na raia. Yeye ndiye mchoraji, mjenzi, mfagizi, mlinzi wa zamu, na ndiye anayejibu simu za wanaouliza kwa nini simu yao haiwaki. Mafundi elfu sita walitumia kazi yake, na kati yao waliomwandikia walikuwa wale tu wenye hasira. Hakuna anayemwandikia fundi bomba kumwambia maji leo yametoka. Kijana aliyasoma maoni yao kwenye duka la programu kila alfajiri kabla ya kuosha uso, na kila alfajiri alianza siku akiwa na mtu wa kugombana naye.

Alikuwa na sheria moja aliyojivunia: kisichotumika kinakatwa. Kila baada ya miezi mitatu alitazama takwimu, akakata. Safari hii takwimu zilimwonyesha kisanduku cha maelezo kiitwacho "Mengineyo", kilichokaa chini kabisa, chini ya vipimo vyote. Mafundi tisini na saba katika kila mia hawakuwahi kukigusa. Akakikata. Alhamisi asubuhi akatoa toleo jipya, nalo kila liliposhuka kwenye simu ya mtu lilifuta kisanduku na vyote vilivyokuwamo. Nakala hakuacha. Aliona kuacha nakala ni kazi ya mtu asiyejiamini.

Siku ya kutoa toleo jipya simu yake huilaza kifudifudi, imezimwa sauti. Ndivyo alivyofanya. Saa sita mchana akafungua maoni kwenye kompyuta, akakuta nyota moja. Jina la mwandishi: Bi Mkubwa.

"Mmefuta maelezo ya wateja wangu wote. Hivi aliyetengeneza hiki kitu amewahi kumwona binadamu akivaa nguo?"

Damu ikampanda. Nyota moja, na kejeli juu yake, mbele ya watu elfu sita. Akajibu pale pale, hadharani: "Bibi, programu hii ni ya wanaojua kusoma. Macho yakichoka, rudi kwenye daftari."

Akaisoma kwa sauti, mara mbili. Ilikaa vizuri mdomoni. Akaituma, akaenda kula akiwa na furaha ya mtu aliyefunga mlango kwa kishindo.

Alipoigeuza simu akakuta Sindano amempigia mara tatu asubuhi. Akampigia.

"Kipenzi, ulinitafuta?"

"Mara tatu."

"Nilikuwa natoa toleo jipya, unajua siku hizi—"

"Subiri nikusomee kitu." Sauti yake ilikuwa tambarare kama nguo iliyotoka kwenye pasi. "Bibi, programu hii ni ya wanaojua kusoma. Macho yakichoka, rudi kwenye daftari."

Kijana akacheka. "Umeiona? Huyo bibi nimempa—"

"Huyo bibi ni shangazi yangu. Simu ya karakana imesajiliwa kwa jina wanalomwita wateja wake. Maneno aliyoyasoma mchana huu ni yako. Aliyasoma bila kukosea hata herufi, kisha akaniuliza: huyu ndiye uliyesema ana maneno matamu?"

Kijana akafungua tena maoni, akalitazama lile jina.

"Na ile nyota moja niliiandika mimi," alisema Sindano. "Nilikupigia hukupokea. Nikajua maoni unayasoma. Mimi hunisomi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili hupiga magoti. Lakini kijana tangu azaliwe hakuwahi kuomba radhi akamaliza sentensi. "Sasa ndiyo unianike mbele ya dunia? Nyota moja? Mtu wangu mwenyewe?"

"Nina bibi harusi na wapambe wanane. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Yote niliyoyajua juu ya miili yao yalikuwa kwenye kile kisanduku, na umekifuta."

"Hukuniambia hata siku moja kwamba unakitumia."

"Zilikuwa siri za watu, Kitufe. Siri haitangazwi mgahawani. Lakini ungekaa hata siku moja ukanitazama nikifanya kazi, ungeona kidole changu kinakwenda wapi. Kaa salama. Tumesharudi kwenye daftari, vipimo vyote tunaanza upya."

Simu ikakatika. Alipiga mara kumi na moja, haikupokelewa.

Siku mbili alizunguka chumbani akibishana. Alimshinda Sindano mara nyingi sana katika siku hizo mbili, maana Sindano hakuwepo. Mama yake akasukuma mlango.

"Unamgombeza nani? Humu ndani nakuona wewe peke yako."

"Mama, niache."

"Nimekuacha. Ila sauti yako inafika jikoni, na kwa niliyoyasikia, ungekuwa na haki ungeshanyamaza."

Jumamosi akaenda, na hakwenda kuomba radhi. Alivaa shati lake jeupe, akaingiza takwimu kwenye simu, akaenda kuthibitisha.

Karakana ilikuwa chumba kirefu cha chini, nyuma ya jengo la ofisi. Cherehani tatu zilikuwa zikinguruma. Nusu ya magauni ya rangi ya udongo ilining'inia ukutani bila mikono, na hewa ilinuka mvuke wa pasi. Wapambe walisimama kwenye foleni hadi kwenye ngazi. Mmoja, mrefu, mwenye sare ya benki, alikuwa akifoka.

"Nimeomba ruhusa kazini mara ya pili. Kipimo gani kinachopotea? Mimi nimepotea?"

"Nisamehe, dada. Kosa ni letu," alisema Sindano. Alikuwa amepiga magoti chini, pini mdomoni, akipima pindo. Alimwona kijana mlangoni. Hakusimama. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja tuelewane. Takwimu zinaonyesha watu tisini na saba katika mia—"

"Takwimu ndiyo nani?" Sauti ilitoka kwenye cherehani ya mwisho. Mwanamke mnene mwenye miwani, kilemba kimekazwa kama kifuniko cha chupa, hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Ana harusi lini?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana alihisi masikio yanawaka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe wa daftari?"

"Ndiye mimi."

"Lipo hapo mezani. Mwenzio mikono yake imejaa. Wewe unayejua kusoma, kuandika je?"

Alitaka kuondoka. Mguu mmoja ulishageuka. Kisha akaona vidole vya Sindano vimejaa matobo mekundu ya pini, akavuta stuli, akashika kalamu kwa hasira kama mtu anayeshika panga.

"Kifua, tisini na mbili," alisema Sindano. "Kiuno, sabini na nne. Nyonga, mia moja na tatu." Akainama sikioni kwa kijana, akanong'ona kwa ukali. "Bega la kushoto limeshuka kidole kimoja. Andika, wala usimtazame. Hajui, na hatajua, kwa sababu gauni litamficha."

Akaandika. Akaja wa pili.

"Kiuno sabini. Acha nafasi ya vidole vitatu mbele. Usiulize kwa nini."

Wa tatu alikuwa dada wa benki. Alipoinua mkono Sindano akampima taratibu, kisha akamwinamia kijana. "Kovu la upasuaji chini ya kwapa," alinong'ona. "Mshono wa pembeni usogezwe nyuma, ama atatoka harusini analia. Mara ya kwanza ilimchukua nusu saa kuniambia. Leo imebidi anionyeshe tena."

Kalamu ilisimama. Kijana alitazama ule mstari mmoja wa wino. Alikuwa amemlazimisha mwanamke huyu kuvua aibu yake mara mbili, na alifanya hivyo akiwa amekaa chumbani, anajisifu kwa wepesi wa programu. Wale watatu katika mia hawakuwa wachache wasioelewa. Walikuwa mafundi hasa. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa bado ipo, ila sasa aliona inapaswa kuelekea wapi.

Akatoa simu.

"Unafanya nini?" aliuliza Sindano. "Ukilifuta lile jibu lako, mimi na wewe basi. Wameshalisoma. Liache pale pale, andika chini yake."

"Ndicho ninachofanya."

Wapambe wakamzunguka. Aliandika: "Huenda nilikosea—"

"Toa 'huenda'," alisema dada wa benki juu ya kichwa chake.

Akatoa. "Nilikosea. Kama nilimkwaza Bi Mkubwa—"

"Na hiyo 'kama'," alisema mwingine. "Mama wa watu amekwazika, mbona unauliza?"

Jasho lilimtoka. Mwisho ikasomeka hivi: "Nilikosea. Nilifuta kazi ya mafundi bila kuwauliza, kisha nikamtukana Bi Mkubwa aliponiambia. Anasoma kuliko mimi. Yaliyofutika sina namna ya kuyarudisha. Naomba radhi." Akaweka jina lake kamili, akatuma.

Sindano alichukua ile simu, akasoma polepole, akamrudishia. Macho yake yalikuwa yamelowa, nayo bado makali. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Kaa. Bado watano."

Aliandika hadi wa mwisho akashuka ngazi. Mkono ulimuuma, na shati jeupe lilishapata wino kifuani. Sindano akaegemea meza, akafunga daftari.

"Nataka kuja kwenu," alisema kijana. "Rasmi. Kuongea na wazee."

"Unaniposa nikiwa na hasira?"

"Nikisubiri hasira zako ziishe, nitazeeka. Na zangu je? Tutafute siku ambayo wote wawili tumepoa? Haipo, mpenzi."

"Nitakugombeza maisha yako yote, Kitufe."

"Nigombeze. Ila simu yako nitaipokea. Hata siku ya toleo jipya."

Sindano aling'ata mdomo ili asicheke, na alichelewa.

"Wazee ndio mimi," alisema shangazi. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. "Nimeambiwa una maneno. Haya, nasikiliza."

Kijana akasimama. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. "Shangazi, kwanza kabisa naomba radhi—"

"Hiyo umeshaomba," alisema shangazi. "Songa mbele."