Tonge Alilonibakizia

Jambo la mwisho la kawaida nililolifanya lilikuwa kununua glavu za mpira. Jua lilikuwa linazama. Muuza duka alizitazama, kisha akanitazama mimi.

"Za mkeo?"

"Zangu."

"Basi chukua kubwa, baba. Hizo zitakubana."

Nikavuka barabara, nikaingia mgahawani kwa mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu niache kufundisha chuo kikuu: kuosha vyombo.

Chuo nilikiacha kwa ajili ya mke wangu. Alitangulia ugenini miaka mitatu, na kwenye simu aliniambia anafanya kazi ofisini. Nilipomfuata nilimkuta amekonda, pete ya ndoa ameizungushia uzi isimtoke kidoleni. "Hewa ya huku tu," alisema. Hospitali walimpima kila kitu, hawakuona kitu. Tuliishi pamoja miezi minane. Siku ya mazishi mwanamke mmoja aliyenuka vitunguu alinishika mkono, akaniita shemeji. Alisema yeye ni mpishi, na mke wangu alikuwa mwosha vyombo wao.

Niliomba nafasi yake. Nilitaka kusimama pale aliposimama.

Chumba cha vyombo hakina dirisha la nje. Kina sinki mbili na kidirisha kidogo cha mbao kinachotazama ukumbini, na sahani hupitishwa hapo. Wanaokula huwaoni. Unawajua kwa mabaki yao tu: mwenye haraka, mwenye mtoto, aliyegombana na mwenzake.

Mhudumu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, mzito wa hatua. Kila mtu alimwita Upepo.

"Karibu, Profesa," alisema. "Vyeti umekuja navyo? Masufuria ya hapa hayakubali mtu asiye na digrii."

Mpishi hakucheka. Alinivuta kando.

"Shemeji, sahani ikipita hapo kabla wateja hawajaingia, mwaga. Usiionje."

Nilidhani ni mambo ya usafi.

Nilikuwa nimevaa glavu moja tu kidirisha kilipofunguka. Sahani ikasukumwa ndani, taratibu. Kisha kijiko kikagonga sahani.

Mara mbili.

Nikaiweka chini glavu ya pili.

Kila nyumba ina mambo yake. Mimi siwezi kula ganda la nyanya. Huzimenya nyanya hata zilizopikwa, nikayapanga maganda ukingoni mwa sahani, na mke wangu alikuwa akinicheka: "Msomi gani anavua nyanya nguo?" Yeye hakupenda kutazamwa akila. Nilipaswa kugeuka. Akishiba, alibakiza tonge moja la wali upande wa kushoto, akalibonyeza kwa mgongo wa kijiko, akalifunika kwa tishu. Kisha aligonga sahani mara mbili. Hapo niligeuka, nikala tonge hilo, fungu langu.

Niliinua tishu. Tonge moja la wali. Upande wa kushoto. Limebonyezwa...

Lilikuwa bado la moto.

Nilipenyeza kichwa kidirishani. Viti vilikuwa bado juu ya meza. Upepo alikuwa mlangoni, anapindua kibao cha "Tumefungua".

"Nani amekula?" niliuliza.

"Ale nani, Profesa? Hata mimi sijala."

Nimesoma miaka kumi na tisa. Nimewafundisha watu kudai ushahidi. Nilisimama na ushahidi mkononi, nikala.

Ulikuwa wali wake. Chumvi yake ndogo, ile niliyokuwa nikiilalamikia. Nililia kimya, maji ya sinki yakimwagika hadi viatuni.

Siku ya pili nilifika mapema, nimenyoa ndevu kama mtu anayekwenda kuposa. Kidirisha kikafunguka. Safari hii sahani ilikuja na harufu, mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka nywele. Kijiko kikagonga. Nikala na kulamba kidole. Usiku huo, nikiosha sufuria la mwisho, pete yangu iliteleza ikazama kwenye povu.

Ilikuwa haijawahi kunitoka kwa miaka kumi na moja.

Kesho yake nilikuja nimeizungushia uzi. Mpishi aliuona uzi ule kabla hajaitika salamu yangu. Akaweka kisu chini.

"Umekula."

Nilificha mkono mgongoni.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akakaa kwenye gunia la viazi. "Mkeo alikula mara tatu. Baada ya hapo sahani haikuja tena. Na yeye hakunenepa tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, shemeji? Wewe msomi. Ungenicheka, halafu ungekula."

Ilikuwa kweli. Nikauliza lililonikaa kooni.

"Yeye alikuwa akimlilia nani? Wazazi wake wako hai. Hakufiwa na mtu."

Mpishi alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Alisema ni mume wake. Alikuwa akiniita nije nione, anafurahi kama bibi harusi. Mabaki kidogo ya wali, na maganda ya nyanya yamepangwa ukingoni."

Nilishika ukingo wa sinki.

Miaka ile nilikuwa nyumbani. Mzima. Nikisahihisha mitihani.

"Basi si yeye," nilisema. "Kama hakuwa mimi, huyu naye si yeye."

"Sijui ni nini," mpishi alisema. "Mimi sioshi vyombo."

Kidirisha kikafunguka.

Mpishi akatoka. Sahani ikaingia. Harufu ya mafuta ya nazi ikajaa chumba kizima, ikanifunika kama khanga. Nililitazama tonge lile kwa muda mrefu. Lilikuwa linatoa mvuke. Nilikuwa nalijua kila punje, na sikuogopa kufa. Niliogopa jambo moja tu: kwamba nikilikataa, na kumbe ni yeye...

Kijiko kikagonga. Mara mbili.

Nililimwaga kwenye ndoo ya taka.

Nikaitumbukiza sahani sinkini.

Kisha, upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na sikio langu, sauti yake ikanong'ona:

"Hukulipenda?"

Aliniuliza hivyo hivyo mara ya kwanza aliponipikia.

"Wewe ni nani?" nikanong'ona.

Nilisikia nyayo zikiondoka, pekupeku, bila haraka, mpaka katikati ya ukumbi. Hapo zikaisha. Hazikufika mlangoni.

Niliosha vyombo vya watu hadi tukafunga. Upepo alinitania, nikacheka panapochekewa.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani, nilikaza uzi wa pete. Nikapika wali, nikapunguza chumvi. Nilikula peke yangu mezani, nikapanga maganda ya nyanya ukingoni. Nilipobakiza tonge moja nililibonyeza kwa mgongo wa kijiko, nikalifunika kwa tishu, nikagonga sahani mara mbili. Nikaisogeza mbele ya kiti chake. Kisha nikampa mgongo, nikainama kuvaa viatu.

Nilikuwa kwenye kiatu cha pili tishu ilipochakarisha. Kijiko kikaanza kugusa sahani, polepole, kwa adabu.

Nilifunga kamba. Nikafungua mlango, nikatoka, nikaurudisha taratibu. Sikugeuka.

Hakupenda kutazamwa akila.