Dakika Nne za Fundi Kimya

Kila asubuhi fundi saa alifungua kibanda chake, akafuta vumbi mezani, akavaa kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, kisha akageukia ukuta. Alifanya kazi hivyo siku zote. Mgongo ulitazama mlango, uso ulitazama saa. Watu wa mtaa walimwita Fundi Kimya. Jina halikumuudhi. Na hata kama lingemuudhi, angemwambia nani?

Zamani mpango huo ulifaa. Mkewe alikaa mbele, karibu na mlango, akapokea wateja. Mama yule alikuwa na maneno! Aliuliza habari za watoto, za mguu unaouma, za paa linalovuja. Mteja akitaka kujua saa yake ina nini, mama aligeuka na kumwuliza mumewe.

"Uchafu," Fundi alijibu bila kuinua kichwa.

"Umesikia, dada?" mkewe alimwambia mteja. "Saa yako haina ugonjwa mkubwa. Imeingia vumbi tu. Tutaifungua, tutaisafisha, tutaitia mafuta. Njoo Alhamisi. Na siku nyingine usifagie uwanja ukiwa umeivaa!"

Mteja aliondoka akicheka. Neno moja la Fundi lilitosha, kwa sababu mkewe aliligeuza kuwa maelezo kamili. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita. Kisha mke akaugua, akafariki.

Sasa miezi minane ilikuwa imepita. Kibandani zilisikika saa tu, kila moja na mwendo wake. Nyumbani Fundi alijikuta anapika chakula cha watu wawili. Alikula chake, akaketi akikitazama kilichobaki. Siku nyingine ilipita mpaka mwisho, naye hajasema zaidi ya maneno matatu.

Wateja nao walianza kupungua. Siku moja mwalimu wa kike alileta saa ya mkono.

"Fundi, ina nini?"

"Njoo Alhamisi."

"Nitakuja. Lakini ina nini?"

Fundi alijua vizuri ina nini, maana alikuwa ameifungua palepale. Gurudumu moja dogo lilikuwa limekatika jino. Alitaka kumweleza, lakini hakujua aanzie wapi. Alikohoa. Akatazama chini.

"Ni ndani," alisema mwishowe.

"Hata mimi najua ni ndani!" Mwalimu alinyosha mkono. "Basi, nirudishie. Fundi anayeficha ugonjwa, atashindwaje kuficha na vipuri?"

Akavuka barabara, akaenda kwa fundi mwingine.

Hilo liliuma. Lakini kuna jambo lililomuuma Fundi zaidi. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, muuguzi katika mji wa mbali. Siku ya mazishi, Fundi aliombwa aseme neno la familia. Alisimama. Watu wote walinyamaza, wakangoja. Akasimama, akasimama, kisha akaketi bila kusema kitu. Ikabidi shemeji yake ainuke. Shemeji huyo alikuwa hajaonana na dada yake kwa miaka mingi. Akasema marehemu alikuwa mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Watu walitazamana. Mama yule, asiyependa maneno?

Njiani kurudi nyumbani binti alimwuliza, "Baba, hata neno moja? Hata moja tu?"

Fundi hakujibu. Tangu siku hiyo binti alipiga simu kila Jumapili, na simu yenyewe ilikuwa hivi:

"Baba, mzima?"

"Mzima."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Baadaye ikawa Jumapili moja anapiga, nyingine hapigi. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Fundi aliona jambo hilo linavyokwenda. Mke alikuwa ameondoka, na binti naye alikuwa anaondoka, tena kwa sababu yake mwenyewe. Hakujua afanye nini.

Mwezi wa tisa tangu msiba, aliitwa kwenye maktaba ya mji. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa imesimama. Fundi alipanda ngazi, akaifungua, akaifanyia kazi kwa muda wa saa moja. Mkutubi, mama mwenye miwani na sauti ya chini, alimwendea.

"Fundi, ilikuwa na tatizo gani?"

"Imepona."

"Nashukuru. Lakini ilikuwa na tatizo gani?"

Fundi alitazama viatu vyake. Mkutubi hakuondoka. Alingoja. Alingoja mpaka Fundi akaona ni afadhali aseme.

"Mafuta yaliganda. Yakashika vumbi. Gurudumu likawa zito."

"Kumbe!" Mkutubi alisema. "Umenieleza vizuri kabisa. Sasa njoo uone tangazo hili."

Tangazo lilikuwa mlangoni. *Mashindano ya kuzungumza hadharani. Ni kwa watu wazima ambao hawajawahi kupanda jukwaani. Mada: Mtu aliyenifundisha kitu. Muda: dakika nne.*

Fundi alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Mimi? Dada, unajua watu wananiitaje?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuonyesha. Wenye domo wana faida gani hapa?"

"Kama ni kujifunza kuzungumza, si mtu azungumze tu? Mashindano ya nini?"

"Swali zuri. Kwanza, mashindano yana tarehe. Mtu akisema atajifunza siku moja, hiyo siku moja haifiki. Pili, yana muda. Ukipewa dakika nne, unalazimika kupanga mawazo: nianze na lipi, niache lipi. Mtu akizoea kupanga, hata dukani anajieleza, hata kwa daktari. Na kuna la tatu." Mkutubi alishusha sauti. "Fundi, lini mara ya mwisho watu walikaa wakakusikiliza mpaka ukamaliza?"

Fundi aliomba kalamu. Akaandikisha jina lake. 

Nyumbani aliandika hotuba. Tena aliiandika kifundi! Aliweka saa mezani, akasoma, akakata maneno, akasoma tena, akaongeza mawili. Baada ya wiki moja hotuba yake ilikuwa ya dakika nne kamili. Haikupungua wala kuzidi hata sekunde moja. Akaenda maktaba akiwa na furaha. Alisimama mbele ya mkutubi, akakaza macho kwenye saa ya ukutani, akaisema mbio mpaka neno la mwisho.

"Dakika nne!" alisema.

"Saa imekusikia vizuri sana," mkutubi alisema. "Mimi sijasikia kitu."

Fundi alinywea.

"Usikate tamaa. Hilo ni kosa la fundi saa, si kosa la mjinga. Lakini unazungumza na watu, Fundi. Saa haihitaji kuelewa. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Za katikati, tueleze kama unavyokumbuka. Ukiogopa, vuta pumzi, tafuta uso mmoja, umwambie huyo. Woga si ugonjwa. Hata wanaozungumza kila siku wanao."

Kisha akampa mwenzake wa mazoezi. Utaratibu ulikuwa huu: washindani walikutana wawili wawili, kila Jumanne na Ijumaa jioni, mmoja azungumze, mwingine asikilize na kumwambia alipokosea. Mwenzake Fundi alikuwa fundi bomba. Huyo sasa, tatizo lake lilikuwa kinyume. Alianza na bomba lililopasuka, akahamia kwa shangazi yake, akapita kwenye ugomvi wa majirani, na nusu saa ilipokwisha bado alikuwa anasema, "Basi, ikawa..."

"Umeonaje?" fundi bomba aliuliza huku akifuta jasho.

Fundi Kimya alifikiri. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu aulize maoni yake kisha angoje jibu.

"Ulinipoteza kwa shangazi," alisema.

Fundi bomba aliangua kicheko mpaka mkutubi akawanyamazisha.

Wakaendelea kukutana. Mwanzoni Fundi alisema sentensi mbili, akakwama. Wiki ya pili akasema sita. Wiki ya tatu alikwama tena, na safari hii akakunja karatasi yake.

"Mimi najitoa," alisema.

"Kwa nini? Unaendelea vizuri, ndugu yangu."

"Nikisimama naona mazishi. Naona wale watu wananingoja." Kisha maneno yakaanza kutoka yenyewe. Alimweleza yote: neno la familia, shemeji, swali la binti, zile simu. "Mke wangu amekufa, na binti yangu namwona anakwenda. Sijui namna ya kumwita arudi. Nilidhani nikiweza hapa, nitaweza na kwake."

Fundi bomba, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, hakumkatiza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamshika bega.

"Sasa hivi umezungumza kwa muda mrefu, na hujakwama hata mara moja," alisema. "Huwezi kujitoa. Nitakaa mstari wa mbele. Ukikwama, niambie mimi."

Siku ya mashindano ukumbi wa maktaba ulijaa nusu. Washindani walikuwa saba. Fundi bomba alitangulia. Alisema habari ya bwana aliyemfundisha kuunga bomba, na shangazi hakutajwa! Alimaliza kabla ya kengele, akashuka akijishangaa mwenyewe.

Fundi Kimya aliitwa wa tano. Alipanda. Alisimama. Watu walinyamaza, wakangoja.  Akavuta pumzi, akamtafuta fundi bomba, akamwona.

"Mtu aliyenifundisha kitu ni marehemu mke wangu," alianza. "Siku moja dada mmoja alileta saa ya baba yake. Baba alikuwa amefariki. Niliifungua, nikaona kutu imekula kila kitu. Nikasema, 'Haitengenezeki.' Nikageukia ukuta. Yule dada akaanza kulia. Mke wangu akamkalisha. Akamwuliza, baba yako aliivaa mkono upi? Aliivua akilala? Dada akasimulia, akasimulia, mpaka akacheka. Alipoondoka, saa yake ilikuwa mbovu vilevile. Lakini yeye alikuwa ametulia."

 Fundi aliona nyuso, moja moja. Hakuitafuta saa ya ukutani.

"Mimi nilisema ukweli kwa neno moja, nikamliza mtu. Mke wangu hakuubadili ukweli huo, lakini alimfariji. Hilo ndilo alilonifundisha, na nimechelewa kulielewa. Siku ya kumzika niliombwa neno, sikusema. Watu walidhani sina neno. Nilikuwa nayo mengi. Sikujua nianze na lipi, na aliyekuwa akinichagulia ndiye tuliyekuwa tunamzika."

Kengele ililia. Dakika nne zilikwisha. Fundi hakushuka.

"Alikuwa na maneno mengi, mke wangu," alisema. "Mtu asiwaambie kwamba alikuwa mkimya. Mkimya ni mimi. Ahsanteni."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Hata hivyo waamuzi ni waamuzi. Alikatwa alama kwa kuzidisha muda, akawa wa nne. Fundi saa, akatwe alama za muda! Fundi bomba alimtania njia nzima. Kila mshindani alipewa karatasi ya waamuzi. Ya Fundi ilisema: *Ulianza kwa sauti ya chini mno. Uliwatazama watu. Simulizi moja tu, iliyoeleweka. Jifunze kufunga mapema.* Aliisoma mara nyingi. Ilitaja makosa yake, lakini ilionyesha kwamba waamuzi wote watatu walikuwa wamemsikiliza neno kwa neno.

Wiki iliyofuata aligeuza meza yake. Sasa ilitazama mlango. Mwalimu alipita, akashangaa, akasimama. Fundi akamwita, akamfungulia saa nyingine, akamwonyesha gurudumu na jino, akamweleza lililokuwa limeisibu saa yake. Mwalimu alisikiliza. "Kumbe ni hilo tu?" alisema. "Si ungeniambia!"

Jumapili Fundi hakungoja simu. Alipiga yeye.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina neno, mwanangu. Lina dakika kama tano. Una nafasi?"

"Ninayo," binti alisema kwa wasiwasi.

Akamwambia yote aliyoyasema ukumbini. Hapakuwa na waamuzi wala kengele. Alipomaliza, aliibana simu sikioni. Kisha akasikia binti yake analia.

"Ile siku," binti alisema, "ulikuwa nayo haya yote?"

"Nilikuwa nayo."

"Mimi nilidhani huna, Baba. Nilidhani hukuumia."

"Nilijua unadhani hivyo. Nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Binti alipenga kamasi. "Jumamosi sina zamu. Nakuja. Nataka uniambie tena nikikutazama."

"Njoo," Fundi alisema.

Zamani simu ingeishia hapo. Safari hii alivuta pumzi.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekuwa mpweke sana, na sikujua namna ya kukwambia."