Karatasi ya Bondeni

Siku wanakikundi wa Kitomanga walipogawana mashamba ya ufuta, uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa watu kama siku ya gulio. Kila mtu aliokota karatasi kofiani. Shamba lililoandikwa humo ndilo riziki yake ya mwaka. Getrude, ndani ya gauni jipya la njano, alikuwa ametoka kuokota yake pale kijana mmoja alipomkanyaga, kandambili ikakatika.

"Samahani, dada. Umepata wapi?"

"Mlimani," Getrude akanuna. "Na kiatu ndo umeshakiua."

Kijana akacheka. Jina lake Josephat, na meno yake yalikuwa meupe kuliko shati lake. "Mimi nimepata bondeni. Kwenu wapi?"

"Hapo nyuma ya zahanati."

"Basi bondeni ni karibu na kwenu. Tubadilishane, iwe fidia ya kandambili."

Wakabadilishana kabla karani hajaandika majina, na hakuna aliyewaona. Mapenzi yakaanzia hapo. Simu hazikupoa.

"Trude wangu, umekula?"

"Nitakulaje na hujanisalimia?"

Machi mvua ikakata. Mlimani ufuta ulikauka ukiwa umefika magotini, ingawa Josephat alipalilia mara tatu. Bondeni udongo ulishika unyevu, na Getrude, aliyepalilia mara moja tu, akavuna magunia kumi na mawili. Josephat akaambulia mawili. Kijiji kikamwita Getrude mkulima bora, kikampa kanga na kumsimamisha mkutanoni aeleze siri yake. Akaeleza habari za kujituma, tena akaeleza vizuri mpaka mwenyewe akaamini.

Julai Josephat akaja na mshenga kuposa. Wa kuamua alikuwa mjomba wake Getrude, mzee Damiani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umevuna magunia mangapi, baba?"

"Mawili."

Mjomba akaguna. "Mwenzio kumi na mawili, na mvua ni ileile. Mpwa wangu simpi mvivu."

Josephat akamtazama Getrude. Hakutaka kwake zaidi ya sentensi moja: shamba lile la mlimani lilikuwa langu. Getrude alikuwa amejifunga ile kanga ya zawadi. Aliogopa kuvuliwa sifa mbele ya watu. Akainamisha macho, akaendelea kumimina chai.

Josephat akaondoka. Siku tatu Getrude alimpigia simu, haikupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Jose, mpenzi, nisamehe. Leo hii namwambia mjomba kila kitu."

"Mwambie. Shamba sikulijutia, Trude. Nilikuwa nikipita pale nikiona lilivyo kijani nafurahi, maana ni lako. Ila umeniacha niitwe mvivu, na wewe umekaa pale pale."

"Rudi basi, nakuomba."

"Niko Kiswere, nimepata kazi ya kukausha samaki. Usinipigie tena."

Getrude alimwambia mjomba, akilia. Mzee akajikuna kidevu. "Sasa unaniambia leo? Ungesema kijana mwenyewe akiwa hapa."

Msimu uliofuata wakaokota tena karatasi. Safari hii Getrude alipata bondeni kwa mkono wake mwenyewe.

"Huyu ana mkono wa bahati!" watu wakashangilia.

Getrude akageuka, akapitisha macho kwenye foleni, akitafuta wa kubadilishana naye. Wote walikuwa wakimpigia makofi.